Kinyozi wa Baba Mkwe

Jumamosi jioni Mwenge huwa haina adabu. Spika ya duka la simu inabishana na spika ya mhubiri, wauza mitumba wanapiga makofi wakiita wateja, na moshi wa mahindi ya kuchoma unamwingia kila mtu puani bila hodi. Katikati ya vurugu hiyo Kornelio aliingia saluni ya kiume iliyo nyuma ya stendi, shati jeupe la kitani limenyooka kwa pasi, viatu vya kahawia vinang'aa, akimtafuta Eliaichi, kinyozi wake wa siku zote. Eliaichi hakuwepo. Nyuma ya kiti chake alisimama msichana anayekung'uta kitambaa.

"Karibu braza, kaa."

"Namsubiri Eliaichi."

"Eliaichi yuko msibani Moshi. Leo upo na mie."

Kornelio alimtazama kuanzia juu. Nywele fupi kabisa, zimepakwa rangi ya dhahabu. Hereni za duara kubwa, fulana nyeusi, suruali ya jinzi iliyochanika goti moja.

"Wewe ndo unanyoa?"

"Hapana, mie nauza ubuyu."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Kornelio akakaa haraka, maana aliyesimama ndiye anayechekwa.

"Sina tatizo mie," akasema. "Mie mtu wa kisasa kabisa."

"Watu wa kisasa nawajua. Huwa hawatangazi."

Akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na alinukia mafuta ya nazi na spiriti. Kornelio akafumba macho. Alipofumbua alimkuta msichana anamchungulia kwenye kioo.

"Sauti yako naijua. Wewe si yule wa *Tuachane Nayo*?"

Hapo Kornelio akatabasamu mpaka mashavu yakauma. *Tuachane Nayo* kilikuwa kipindi chake cha mtandaoni. Kila wiki aliichagua mila moja, akaicheka, akaivua nguo, kisha akawaambia wasikilizaji waachane nayo. Alijiita mliberali. Wengine wote aliwaita wahafidhina, na neno hilo alilitamka kwa namna ya mtu anayetema mbegu ya chungwa.

"Kwa hiyo unanisikiliza?"

"Kuna siku. Ile ya wanawake kupiga magoti nilicheka sana. Ile ya wakwe..."

"Ya wakwe vipi?"

"Tulia, nisije nikakukata sikio."

Alipomaliza akampaka spiriti kisogoni, Kornelio akaruka kidogo, benchi likacheka tena.

"Nipe namba yako," msichana akasema. "Eliaichi akirudi nikwambie."

"Na asiporudi?"

"Nitakupigia kukwambia hajarudi."

Aliitwa Sekela. Alimpigia siku ya pili yake, na Eliaichi hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Mapenzi yao yalienda mbio. Walikula chipsi mayai Sinza, wakagombana kuhusu mpira, wakapatana kabla ya refa kupuliza kipenga. Sekela alikuwa na mdomo, na Kornelio aliupenda mdomo huo. Alimpeleka kwa marafiki zake Kawe, akamtambulisha kama mtu anayeonyesha simu mpya: "Huyu ananyoa wanaume. Kichwa chake amekinyoa mwenyewe. Mnaona?" Sekela alicheka, akala mishkaki yake, ila siku moja alimuuliza njiani:

"Bebi, hivi unanipenda mie au unazipenda nywele zangu?"

"Nakupenda mzima mzima."

"Mbona kila ukinitambulisha unaanzia juu, halafu unaishia hapo hapo?"

Kornelio akambusu mkono, akabadilisha mazungumzo. Swali lilimwasha, lakini hakulijibu. Ukweli ni kwamba alizipenda zile nywele kwa sababu zilimsifu yeye. Mwanamume anayetembea na mwanamke wa aina ile, hahitaji kujieleza tena kwamba yu huru. Hayo hakuyajua wakati huo, na kama angeambiwa angebisha mpaka asubuhi.

Wazazi wake walikuwa Temeke. Mzee Augustine alitoka Mbinga zamani, akafanya kazi bandarini mpaka alipostaafu, sasa alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa wao. Mtu wa maneno machache. Wakati wa chakula redio huzimwa, na hakuna anayeinua kijiko kabla ya sala. Kwenye kipindi, Kornelio alimtaja mara nyingi bila jina: "Kuna mzee mmoja namjua, mhafidhina wa kupindukia, hata muziki ukipita dirishani wakati wa ugali anakasirika." Wasikilizaji walimpenda sana mzee huyo. Walimwomba Kornelio awaletee visa vyake zaidi.

Siku alipomwambia Sekela kwamba anataka kumpeleka nyumbani, alisema kwenye simu, kama mtu anayesema jambo dogo.

"Jumapili hii uje kwetu Temeke, laazizi. Wakuone."

Upande wa pili mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Wanione kama nani?"

"Kama mchumba wangu. Kwani we' ulidhani nani?"

"Kornelio, usinitanie kwenye hilo."

"Sikutanii. Nataka kukuoa."

Sekela akacheka, kicheko cha mtu anayefuta machozi huku anashika simu. Halafu akatulia.

"Sasa nikwambie. Kuna kitu cha kwetu nitakifanya nikifika. Kwa heshima. Usije ukashangaa."

"Fanya lolote, bebi. Kwetu huru kabisa. Njoo kama ulivyo."

"Nisikilize kwanza basi..."

"Sekela, mie ndo wa *Tuachane Nayo*. Nitashangaa nini mie? Njoo kama ulivyo!"

Akakata, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda kurekodi.

Sekela akabaki na simu mkononi. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, amelelewa na bibi yake mpaka alipomaliza shule. Mambo mengi ya kwao aliyaacha alipoteremka stendi ya Dar, na hakuyalilia. Hakujua kuungoja uamuzi wa mwanamume, hakujua kunyamaza mezani. Lakini lipo moja aliloliweka. Bibi yake alilishika siku zote za ndoa yake, na alimfundisha kwa mikono, amesimama nyuma yake, akimwonyesha namna ya kuvuta nguo na kugeuza bega. Sekela alijiambia tangu akiwa msichana kwamba siku atakapompata mwanamume anayemtaka kweli, atalifanya, hata kama dunia nzima itamcheka. Kwa kulifanya, mwanamke anasema bila maneno kwamba amekubali. Kwenye kipindi cha Kornelio cha wakwe alisikia msikilizaji mmoja akianza kulitaja, na Kornelio akacheka kabla hajamaliza kueleza. Ndiyo maana kwenye simu hakulitaja kwa jina.

Jumapili ile alipitia kazini asubuhi kunyoa wateja wawili wa ibada ya kwanza, kisha akaenda moja kwa moja Temeke, na begi lake la mashine begani. Alivaa suruali nyeusi ya kitambaa, blauzi ya kijani ya mikono mirefu, viatu vya chini. Begani alitundika mtandio mpana wa kitenge, umekunjwa vizuri. Kornelio alimpokea barabarani akauona mtandio.

"Huo wa nini na joto hili?"

"Utaona."

Kornelio alitegemea kuwakuta wazazi wawili na kuku wa kuchemsha. Alikuta viatu vimejaa mlangoni. Shangazi Filomena, dada yake mkubwa Mzee Augustine, alikuwa amefika kutoka Mbinga ghafla, na jumuiya nzima ilitoka kanisani ikaja kumsalimu. Sebuleni hapakuwa na pa kuweka mguu. Akina mama wa vitenge vya sare, wazee wenye rozari shingoni, sahani za pilau kwenye mapaja.

"Tumsifu Yesu Kristo," Kornelio akasema, na sauti ikatoka nyembamba.

"Milele amina!"

Macho yote yakampita, yakatua kwa Sekela. Yakaenda kwenye nywele, yakashuka kwenye suruali, yakarudi kwenye nywele. Sekela hakutetereka. Aliinama kwa kila mmoja, shikamoo hapa, shikamoo pale, mpaka kwa mama mzazi, Bernadeta, aliyemshika mikono miwili na kumkalisha kwenye stuli. Kornelio alianza kupumua.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mzee Augustine akatoka, anafunga kifungo cha shingo cha shati lake la kanisani.

Sekela aliruka kama aliyechomwa. Akauvuta mtandio, akajifunika kichwa na uso, akampa yule mzee mgongo, akachuchumaa kwenye kona kati ya friji na ukuta.

Vijiko vikasimama.

"Huyu ana nini?" mama mmoja akanong'ona.

Shangazi Filomena hakujua kunong'ona. "Kornelio! Binti gani huyu anayempa baba yako mgongo nyumbani kwake? Ni nani huyu?"

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lake alikwisha kulitamka kwenye simu. Lakini sasa alikuwa amesimama mbele ya baba yake, na baba yake anamtazama yeye, si Sekela. Kornelio aliona nywele za dhahabu zikichungulia pembeni ya mtandio. Aliona goti la suruali likigusa sakafu. Akamwona mwanamke wake kwa macho ya Shangazi Filomena, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Macho yake yakatua kwenye begi la mashine.

"Ni kinyozi wangu," akasema. "Nilimwita aje... amnyoe Baba."

"Kinyozi?"

"Ndiyo. Ni kinyozi tu."

"Basi anajifichia nini? Kaka, kaa hapo akunyoe. Binti, inuka, usituletee vituko!" Shangazi akamshika bega, akamvuta amgeuze.

Sekela alijinasua. Akainuka huku uso umefunikwa, akapapasa begi lake, akatembea ubavu ubavu, mgongo kwa Mzee Augustine, mkono ukishika ukuta. Akapiga teke chupa ya soda. Kijana mmoja wa kwaya akacheka. Mlangoni akatafuta viatu vyake kwa miguu kati ya viatu vya watu, kwa muda mrefu, kwa kuwa hakutaka kugeuka. Hakuna aliyemsaidia. Kornelio alikuwa karibu kuliko wote, na alikodolea macho pilau.

Alimpigia jioni, amekasirika. Mtu mwenye aibu hukimbilia hasira, maana hasira inamfanya ajione mkubwa.

"Umenidhalilisha, Sekela! Mzee wangu unampa mgongo, unajifunika kama umeona jini!"

"Mie ndo nimekudhalilisha?"

"Sasa ni nani? Jumuiya nzima inaongea!"

"Nilikwambia kuna kitu cha kwetu."

"Hukuniambia ni utovu wa adabu!"

Sekela akaongea polepole, neno moja moja.

"Kornelio, mie ni nani wako?"

"Bebi, pale nilibanwa, ilibidi niseme kitu..."

"Ulisema kinyozi. Ni kweli, mie kinyozi, na kazi yangu naipenda. Ila hukulisema kwa sababu ni kweli. Ulilisema ili nisiwe wako."

"Sekela..."

"Umeniambia nije kama nilivyo. Nimekuja kama nilivyo. Wewe hukuja."

Akakata. Alipopiga tena namba haikupatikana, na haikupatikana kesho yake wala kesho kutwa. Kornelio alikwenda saluni, akaambiwa na Eliaichi, aliyekwisha kurudi, kwamba Sekela anasema kiti chake kimejaa. Alijaribu kurekodi kipindi juu ya ujasiri wa kuchagua mwenza wako mwenyewe. Alipojisikiliza aliona haya, akafuta.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa Mzee Augustine, na baada ya sala ikaja chai na maandazi. Kornelio alikuwepo kwa kuwa mama yake alimwita aje amuage shangazi. Shangazi Filomena, kwa mara nyingine, alikuwa anasimulia kisa cha kinyozi, na kila mara kinyozi aliongezeka uovu kidogo. Safari hii alikuwa na msikilizaji mpya, jirani yao Mama Ambakisye, ambaye Jumapili ile alikuwa safarini.

"Ngoja dada," Mama Ambakisye akamkatiza. "Alijifunika kwa kumwona nani? Wewe?"

"Hata! Sisi wote katusalimia vizuri, shikamoo mpaka kwa watoto. Alipotoka Kaka tu ndo akapandwa na mashetani."

"Mzee peke yake?"

"Peke yake."

"Na alichuchumaa, akampa mgongo?"

"Kwenye kona, kama kuku mwenye mafua."

"Anaitwa nani?"

"Kornelio! Kinyozi wako anaitwa nani?"

"Sekela," akasema Kornelio, na jina likamuuma mdomoni.

Mama Ambakisye akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mwili mkubwa, kicheko kikubwa. Lakini sasa hakucheka.

"Jamani, nyie watu mmefanya nini?"

"Tumefanya nini?"

"Kwetu sie, mwanamke akishachumbiwa hamtazami baba mkwe. Hampi mkono, hampiti karibu, akisikia anakuja anajifunika na kukaa pembeni. Siku hizi mjini wengi wameacha. Anayefanya hivyo leo, huyo kafundwa, na kapenda. Yule binti alikuwa anamwambia Mzee Augustine, mbele yenu wote, kwamba wewe ndiye baba mkwe wangu." Akatazama huku na huku. "Na nyie mkataka amshike kichwa! Amnyoe! Afadhali mngempiga."

Shangazi Filomena akaziba mdomo kwa kanga. Kisha mama mmoja akageuka kumtazama Kornelio, na mwingine, na mwingine. Walikuwa wanaelewa polepole, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba kama yule alikuwa mkwe, basi kinyozi hakuwepo, na aliyesema kinyozi alijua anachosema. Kornelio alitaka sakafu impokee. Masikio yalimwaka. Alikumbuka zile nyayo zikipapasa viatu mlangoni, na sasa tu ndipo alipoziona vizuri.

Mzee Augustine akainuka, akatoka uani. Kornelio akamfuata, maana kubaki ndani kulikuwa kubaya zaidi.

Mzee alisimama karibu na tenki la maji, anasafisha miwani kwa pindo la shati.

"Baba, mimi..."

"Suruali sikuipenda," Mzee Augustine akasema. "Nisikudanganye. Na nywele zile, ningemwombea rozari nzima. Lakini ungesema, Baba, huyu ni mchumba wangu, mimi ningefanya nini? Ningemfukuza?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani." Akavaa miwani. "Mimi nakusikiliza, unajua? Mama yako alinionyesha namna ya kufungua. Kila wiki nakaa pale kwenye benchi na vidude vyangu masikioni. Mimi ndiye yule mzee wa redio na ugali."

Kornelio akakosa pa kuweka mikono.

"Sikukasirika. Unaongea vizuri, watu wanakupenda. Nikasema, kijana wangu ana msimamo, hata kama msimamo wenyewe siukubali. Mimi na msimamo wangu, yeye na wake. Kumbe pale sebuleni ulikuwa huna wako wala wangu." Sauti ya mzee ikakwaruza. "Na mimi naona aibu, Kornelio. Najiuliza nilikuleaje mpaka uniogope kiasi cha kumkana mtu."

Hilo ndilo lililomvunja. Lawama angeibeba, alikwisha kuizoea wiki nzima. Alilia pale kando ya tenki kama mtoto, na baba yake alimwacha alie, akamshika bega baadaye kidogo, kwa mkono usiozoea kushika mabega.

"Anafanyia kazi wapi?"

"Mwenge."

"Kesho baada ya misa twende. Kamuulize Mama Ambakisye inakuwaje mzee kama mimi kumwendea mkwe. Sitaki kukosea tena."

Jumapili mchana wateja wa saluni ya nyuma ya stendi walishuhudia jambo. Mzee mmoja mrefu, suti nyeusi, tai ya bluu, kofia mkononi, alikuja na mkewe aliyevaa kitenge cha sherehe, wakasimama nje. Mke akabaki mlangoni. Mzee akageuka, akaipa saluni mgongo, akakaa hivyo hivyo anatazama meza za mitumba juani. Kijana aliyekuwa nao akaingia ndani, amenyong'onyea.

Sekela alikuwa anamnyoa mtu, nusu ya kichwa imekwisha. Alimwona Kornelio kwenye kioo, hakusimamisha mashine.

"Kiti kimejaa."

"Sijaja kunyoa. Sekela, sikujua maana yake. Jana ndo nimeambiwa."

"Kwa hiyo ungejua ungesema mchumba?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa la aibu.

"Sijui," akasema. "Nadhani ningesema kinyozi vile vile. Niliogopa."

Nje, mzee akakohoa. Sekela akainua macho, akaona kwenye kioo ule mgongo mweusi mlangoni, ulionyooka, usiogeuka. Akaelewa. Mashine ikazimwa. Alichukua kitambaa safi kwenye msumari, akajifunika kichwa na uso, akageukia ukutani.

"Sista, na mie je?" akauliza yule wa nusu kichwa.

"Nyamaza wewe," benchi likamwambia, ingawa hakuna aliyejua kinachoendelea.

Mzee Augustine akasema kwa nguvu, akiwa ameuelekeza uso kwenye rundo la mashati, mpaka muuza mitumba akadhani anaambiwa yeye. "Mama Kornelio, mwambie binti yetu, Jumapili ile hatukujua. Alikuja nyumbani kwake, tukamtoa kama mwizi. Mwambie mimi ni baba mkwe wake, na ninaomba radhi."

Mama Bernadeta alijaribu kuyarudia, akashindwa, machozi yakamtangulia. Sekela mabega yalikuwa yanatikisika chini ya kitambaa.

"Nimesikia, Mama. Mwambie Baba nimesikia. Mwambie asisimame juani."

Mzee akasogea kwenye kivuli cha duka la simu, bado amegeuka. Hapo Sekela akashusha kitambaa, akajifuta uso nacho, akamtazama Kornelio kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo baba mkwe ninaye," akasema. "Mama mkwe ninaye. Aliyekosekana ni mume."

"Nisamehe, Sekela."

"Usiniambie mie. Kwenu waliuliza swali, na hawajajibiwa mpaka leo."

Kornelio akatoka. Akasimama nyuma ya baba yake, kati ya spika mbili na watu wa Mwenge wanaopita na mifuko.

"Baba, yule ni Sekela. Ni mchumba wangu."

"Sauti," Mzee Augustine akasema, bila kugeuka. "Huko kwenye simu unayo."

Kornelio akavuta pumzi. "Yule ni Sekela! Ni mchumba wangu! Nilimkana kwa kuwa niliona aibu, na hakuwa na kosa lolote!"

Muuza simu alipunguza muziki ili asikie vizuri. Watu wakasimama. Mmoja akatoa simu arekodi, na Kornelio, aliyezoea kurekodiwa akiwa mjanja, akarekodiwa akiwa mjinga, uso umeloa jasho. Hakujificha. Alirudi ndani.

"Nimesema."

"Nimesikia. Hata wa mitumba wamesikia."

"Basi turudi kama zamani, laazizi."

Sekela akatikisa kichwa. "Mie niliondoka kwenu nimejifunika mpaka stendi, watu wananipa pole wanadhani nimefiwa. Aibu hiyo haitoki kwa siku moja. Na hiyo yako usiikimbie, kaa nayo kwanza. Njoo kesho. Njoo na siku nyingine. Kila ukija, mtu akikuuliza wewe nani, mjibu. Nikishachoka kusikia, tutaongea ya ndoa."

Yule wa nusu kichwa alikuwa amevumilia vya kutosha. "Braza," akasema, "kwani wewe hapa ni nani?"

"Mchumba wake."

"Bado sijakubali," akasema Sekela, akawasha mashine.